Muvi zako ziko kwenye diski tayari, bando la nini?

Swali: Asalaam aleykum fundi. Niko Ujiji, Kigoma. Mdogo wangu amenitumia Fire TV Stick, kile kijiti cha Amazon cha kuchomeka kwenye TV, kutoka Uingereza. Nina laptopu kuukuu na diski ya nje ya terabaiti 1 iliyojaa muvi, katuni za watoto na video za harusi za ukoo. Nataka watoto waangalie kwenye TV bila kuhamisha flashi kila siku na bila kumaliza bando. Kijana wa dukani aliniambia niweke programu ya video iitwayo Kodi kwa APK, yaani faili la kusakinisha programu za Android, nikajaribu, ikakataa. Ana APK nyingine anayosema inaonyesha mechi zote bure. Kati ya programu za Kodi, Plex na Jellyfin, nichukue ipi? Na hiyo ya mechi?

Jibu: Waaleykum salaam, kaka. Nianze na ile APK iliyokataa, kwa sababu nadhani najua ilikokwama.

Kwanza angalia jina kamili la kifaa chako. Kama kimeandikwa Fire TV Stick 4K Select, acha kuhangaika. Hicho Amazon walikitoa mwishoni mwa 2025 kikiwa na mfumo wao wa Vega, ambao si Android, na faili la APK halina pa kukaa humo. Utabaki na zile programu zilizomo kwenye duka la Amazon tu.

Kama ni aina nyingine ya miaka ya nyuma, basi ndani yake mna Android iliyofanyiwa marekebisho, na APK inaingia. Nenda Settings, My Fire TV, kisha About, ubonyeze jina la kifaa mara 7. Itatokea menyu ya Developer Options, na humo utairuhusu ile programu unayopakulia mafaili iweze kusakinisha. Bila ruhusa hiyo kila APK itagoma. Sababu ya pili ndiyo ninayokutana nayo zaidi: Kodi hutoa APK mbili za Android, ya biti 32 na ya biti 64. Fire TV Stick nyingi zinatumia mfumo wa biti 32 hata kama chipu yake inaweza zaidi. Ukiweka ya biti 64 unaambiwa haikusakinishwa, basi, bila maelezo. Chukua ile iliyoandikwa ARMV7A, na uichukue kwenye tovuti ya Kodi wenyewe. Usiipokee kwa WhatsApp.

Ila kwa hitaji lako mimi nisingeanza na Kodi. Kodi ni kicheza video kizuri sana, lakini kila TV inakuwa na orodha yake na kumbukumbu yake. Wewe unataka laptopu iwe ghala, na TV, simu ya mama watoto na tableti ya shule zote zichote humo, kila mtu aendelee alipoishia. Hiyo ni kazi ya seva, yaani programu inayogawa video kwa vifaa vingine, na hapo nakuambia Jellyfin bila kusita. Ni ya bure kabisa, haina kifurushi cha kulipia kilichofichwa, na akaunti zake zinakaa ndani ya laptopu yako. Plex ina sura nzuri zaidi, nakubali, lakini imejengwa kwa kutegemea kuingia kwenye akaunti ya mtandaoni, na tangu Aprili 2025 kuangalia ukiwa nje ya nyumba ni kwa kulipia. Intaneti ikikatika jioni, na unajua inavyokatika, hutaki seva iliyomo sebuleni kwako iombe ruhusa kutoka ng'ambo. Tena Jellyfin ya Fire TV za Android imo kwenye duka la Amazon. Ikiwa akaunti yako haiioni, ndipo uchukue APK yake kwa waundaji wenyewe.

Kuhusu bando: video ikitoka kwenye laptopu kwenda TV kupitia ruta yako haigusi intaneti hata kidogo. Ruta isiyo na salio inafanya kazi hiyo sawasawa. Muvi ya saa 2 yenye kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni kama GB 4.5, kwa bando hiyo ni hasara, kwa waifai ya ndani si kitu. Bando litatumika kidogo Jellyfin inapotafuta picha za majalada na maelezo ya muvi, na unaweza kuzima hilo unapounda maktaba. Muvi nyingi za Bongo haitazitambua hata hivyo, wala harusi za ukoo. Hizo ziweke kwenye maktaba ya aina ya video za nyumbani, ionyeshe majina ya mafaili kama yalivyo.

Ukishasakinisha Jellyfin kwenye laptopu, fungua kivinjari uandike anwani ya laptopu ikifuatiwa na 8096, mfano 192.168.1.20:8096. Ikifunguka kwenye laptopu lakini TV haiioni, mara nyingi Windows imeuhesabu mtandao wako kuwa wa hadharani na kuziba mlango. Ubadilishe uwe wa binafsi. Ikiwa bado, angalia ruta: baadhi ya zile ndogo za laini ya simu huzuia vifaa visionane. Kisha iambie ruta iipe laptopu anwani ileile siku zote, na laptopu isilale ukifunga kifuniko.

Sasa palipo na kazi hasa. TV ikiweza kulisoma faili lilivyo, laptopu inalipitisha tu, na hata mashine ya miaka 12 inatosha. TV isipoweza, seva inalazimika kuigeuza video papo hapo huku watoto wanaangalia, na hapo feni inalia na picha inakwama kila baada ya sekunde chache. Watu husingizia waifai. Fungua dashibodi ya Jellyfin muvi ikiwa inacheza, itakuonyesha kama inapitishwa au inageuzwa. Wahusika wakubwa ni video za zamani za aina ya AVI, zile zilizotafsiriwa zinazouzwa kwenye vibanda, na maandishi ya chini yaliyo katika mfumo wa picha kutoka diski za Blu-ray. Yale ya SRT, yaani ya herufi tupu, hayana shida. Chipu za Intel tangu kizazi cha 7 hugeuza hata HEVC ya biti 10, aina ya video iliyobanwa sana, bila jasho ukiwasha Quick Sync, kigeuza video kilichomo ndani ya chipu. Yako ikiwa ya nyuma ya hapo, tumia HandBrake, programu ya bure, uzigeuze AVI zote kuwa MP4 za H.264 usiku mmoja mmoja. Mchele unachambuliwa kabla ya kuingia chunguni.

Umeme ukikatika, laptopu ina betri lakini ruta haina, kwa hiyo itafutie ruta chanzo chake kidogo. Na intaneti ikikosekana, ukurasa wa mwanzo wa Fire TV hulalamika kana kwamba hakuna kinachofanya kazi. Upite: ingia Settings, Applications, orodha ya programu zilizosakinishwa, uifungulie Jellyfin humo.

Ile APK ya mechi usiiweke. Haki za watu ziko mle, na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 ipo. Lakini hata ukiacha sheria, programu isiyojulikana mwenyewe ikiwa ndani ya waifai yako inakaa jirani na simu yenye pesa zako. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitahadharisha kuhusu Badbox 2.0, virusi vilivyoteka vifaa vya nyumbani, visanduku vya TV vya bei rahisi vikiwemo, vingine vikitoka kiwandani navyo na vingine vikivipata kupitia programu za namna hii. Kama umeshaisakinisha, irudishe Fire TV katika hali ya kiwandani uanze upya.

Na mdogo wako akiomba naye aangalie harusi akiwa Uingereza, mwambie asubiri. Intaneti za laini ya simu kwa kawaida hazikupi anwani ya kufikiwa kutoka nje, na kupandisha video kwa bando lako ni ghali. Mnakilie harusi kwenye flashi, umpe anayesafiri.