Mimea dawa inalipa, ila hesabu inaanzia kwa mnunuzi

Mkuu, umeuliza kama eka moja ya mimea dawa inaweza kulipa, maana kila unayemsikia anakwambia soko lipo. Lipo kweli, ila lina masharti yake. Mimi nilianza na pakanga, ule mmea unaotoa artemisinini ya dawa za malaria. Nilikuwa nimesoma habari za Tu Youyou, yule mama wa China aliyepata Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo, nikajiona nimeshatoka.

Shambani sikushindwa. Mbegu zake ni kama vumbi, ukipiga chafya karibu umepoteza kitalu, lakini zikishika mmea unakupita kimo. Nikangoja uchanue nikidhani ndio kukomaa, kumbe artemisinini huwa nyingi kabla tu ya maua. Na hata jani zuri lina asilimia 1 hivi, yaani kilo 100 za majani makavu zina kama kilo 1 tu ya kitu chenyewe. Kiwanda kinaitaka hiyo kilo 1. Mimi nilikuwa nahesabu magunia.

Kilichonimaliza hasa ni kukausha. Nilianika juani, turubai limelala chini. Kwa juu majani yanavunjika vizuri, ila ukizamisha mkono katikati ya gunia unakutana na fukuto, kama kwapa la mwenye homa. Mnunuzi akachukua sampuli, akapima unyevu, mzigo wote ukarudi. Wengi wao hawataki uzidi asilimia 10 hadi 12, kwa sababu juu ya hapo ukungu hauchelewi.

Sasa hivi nina kichanja chenye paa na wavu, upepo unapita juu na chini. Naanika mlonge, tabaka jembamba, na majani yanatoka bado ya kijani. Yakigeuka kahawia bei imekwenda. Piga hesabu pia ya uzito: kilo 4 au 5 mbichi ndizo zinazokupa kilo 1 kavu.

Ukiamua mshubiri, hakikisha ni Aloe vera yenyewe. Aloe za aina nyingine ziko kwenye orodha za CITES, ule mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kuzivusha mpaka kunataka vibali. Halafu tunza daftari tangu siku ya kwanza: mbegu ilitoka wapi, ulipulizia nini, ulivuna lini. Mnunuzi makini ataliomba kabla hajataja bei. Na usisage unga ukaandika "unatibu", hapo umeacha kilimo, umeingia kwenye sheria za dawa.

Ningekuwa wewe ningeanza na robo eka. Kabla ya kununua mbegu, tafuta mtu akuandikie anataka kilo ngapi, unyevu kiasi gani na kwa bei gani. Ukimpata rudi hapa tupige hesabu ya kichanja, maana kwangu kilikula pesa kuliko shamba.