Maswali ya Wasomaji: Arusha Wanatusikia kwa Njia Gani?

SWALI: Tunachagua mbunge na diwani, lakini sijawahi kuona karatasi ya kura ya Bunge la Afrika Mashariki. Wajumbe wake hupatikanaje? Na nikiona Mkataba wa Jumuiya umekiukwa, nianzie wapi? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Karatasi hiyo haipo. Kwa ibara ya 50 ya Mkataba, Bunge la kila nchi huchagua wajumbe tisa wasiokuwa wabunge wake, wakaao miaka mitano. Wa kumuuliza alimpigia nani ni mbunge wa jimbo lako. Nao hao tisa hawana nguvu kubwa: muswada wao ukirudishwa, wakaupitisha tena, Mkuu wa Nchi mmoja tu akikataa kuuridhia, umekufa.

Mlango wako ni Mahakama ya Afrika Mashariki. Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupinga sheria, agizo, uamuzi au hatua ya nchi au ya chombo cha Jumuiya. Si lazima umalize kwanza mahakama za nyumbani. Andaa nakala ya uamuzi unaoupinga, taja ibara iliyovunjwa, kisha peleka shauri Arusha au masijala ndogo ya Dar es Salaam. Tafuta wakili mapema, maana ibara ya 46 inakitaja Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama, na hilo peke yake linawafungia nje watu wengi wa huku kwetu.

Mashauri mengi huangukia kwenye muda. Una miezi miwili tangu hatua ilipochukuliwa au, pasipo tarehe hiyo, tangu ulipoijua. Usikae ukisubiri wizara ijibu barua yako, kwa sababu siku zinahesabika. Mwaka 2012 kitengo cha rufaa cha Mahakama hiyo kilishikilia kwamba hata ukiukaji unaodaiwa kuendelea hauongezi muda.

Ukomo huo una historia inayouma. Novemba 2006 mwanasiasa wa Kenya Anyang' Nyong'o na wenzake walipinga namna majina ya wajumbe wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki yalivyopatikana, na Mahakama ikazuia wajumbe hao kuapishwa. Mwezi uliofuata Wakuu wa Nchi walipitisha marekebisho ya Mkataba, miezi miwili ikiwemo. Chama cha Wanasheria cha Afrika Mashariki kikashtaki. Mwaka 2008 Mahakama ikasema kuwaacha wananchi nje ya marekebisho hayo kulikiuka Mkataba, ila haikuyafuta. Mwananchi alishinda hoja, akabaki na ukomo uleule. Hilo si haki.

SWALI: Mzigo wangu wa mchele ukizuiwa upande wa Zambia, naweza kwenda Mahakama hiyo? – Mfanyabiashara, Tunduma

JIBU: Hapana. Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Inayotuunganisha nayo ni SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na huko mlango ulifungwa. Baada ya Mahakama ya SADC kuwapa ushindi wakulima dhidi ya Zimbabwe mwaka 2008, kwenye kesi ya Campbell, viongozi waliisimamisha mwaka 2010, na itifaki ya 2014 ikaacha kesi za nchi kwa nchi tu. Malawi, kupitia Kasumulu, ni vilevile.

Kilichobaki ni mfumo wa mtandaoni wa COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) na SADC wa kuripoti vikwazo vya biashara visivyo vya kiforodha. Andika tarehe, kituo, idara iliyokuzuia, sababu uliyopewa na hasara kwa fedha. Ambatisha nyaraka za mzigo na barua ya zuio. Wakikuzuia kwa mdomo tu, omba maandishi kabla gari halijageuza, maana lalamiko lisilo na nyaraka ni rahisi kukanushwa.