Maswali ya wasomaji: Nimealikwa kwenye tamasha la mvinyo ugenini

SWALI: Mimi ni mtumishi mstaafu, mkazi wa Shangani, Mtwara, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitumia dawa za shinikizo la damu. Binti yangu na mumewe wanaishi Ludwigshafen, Ujerumani, nao wamenialika mwezi Septemba na kuniahidi kunipeleka Bad Dürkheim kwenye tamasha kubwa la mvinyo. Pombe ninayoifahamu ni uraka wa msimu wa mabibo, tena kidogo. Nifanyeje ili nifurahi pamoja na wakwe zangu bila kujidhuru wala kujiaibisha?

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Tamasha hilo huitwa Wurstmarkt, hufanyika kila Septemba, na wenyeji huhesabu historia yake tangu mwaka 1417, kwa hiyo mwaliko wa wakwe zako ni wa heshima, nami ningependa uende. Kabla hujasafiri, hata hivyo, mweleze daktari anayekuhudumia kuhusu safari hii na umwonyeshe dawa zako zote, kwa sababu pombe hupandisha shinikizo la damu na, ikikutana na baadhi ya dawa hizo, inaweza pia kulishusha ghafla mtu anapoinuka kitini, akaona kizunguzungu au akaanguka. Akikukataza, basi jibu langu ni fupi: kunywa maji ya zabibu yasiyo na kilevi, ambayo huuzwa huko huko, na ule vizuri.

Akikuruhusu kidogo, jambo la kwanza la kulitazama ni glasi yenyewe. Glasi ya kienyeji ya eneo hilo, iitwayo Dubbeglas, hubeba nusu lita. Ikijazwa mvinyo wenye asilimia 12 ya kilevi, ndani yake mna takriban gramu 47 za kilevi halisi, ilhali ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 tu kwa saa, na hakuna kahawa, usingizi wala maji ya baridi yanayoweza kuliharakisha. Watu wengi hunywa Schorle, yaani mvinyo uliochanganywa na maji ya gesi, ambao huonekana mwepesi, lakini katika sehemu hizo si ajabu mvinyo ukazidi maji.

Tena glasi hiyo mara nyingi huzunguka mezani, kila mmoja akipiga funda na kumpa jirani, hata kama hawajuani, desturi ambayo nadhani haitakuwa ngeni kwako. Ni desturi nzuri ya kuwakaribisha watu, lakini ndiyo inayopoteza hesabu kuliko kitu kingine chochote. Kwa maoni yangu, ni bora umwombe binti yako akuagizie glasi yako ndogo, uamue kiasi chako kabla ya kuketi, na uweke glasi ya maji kando yake. Glasi inayozunguka ikikufikia, ipokee kwa mikono miwili, uipeleke mbele huku ukishukuru. Hakuna atakayekosewa heshima.

Jihadhari hasa na Federweisser, mvinyo mchanga unaouzwa majira hayo ya mavuno ukiwa bado unachacha. Wewe uliyezoea uraka utaufahamu upesi kuliko wageni wengine: ni mtamu kama maji ya matunda, una povu, na ladha yake haikuambii ukali wake. Huanza kuuzwa ukiwa na kilevi cha asilimia 4 hivi na unaweza kupita asilimia 10 kadiri siku zinavyokwenda, kwa hiyo chupa ya leo si sawa na ya keshokutwa. Chupa zake hufungwa kwa kulegezwa ili gesi itoke. Ukinunua, ibebe ikiwa wima. Wenyeji huunywa pamoja na keki ya chumvi ya vitunguu, na hapo wana busara, kwani chakula tumboni huchelewesha kilevi kuingia kwenye damu.

Wakikupeleka kwa mkulima wa zabibu kuonja, utaona chombo cha kutemea mvinyo. Kitumie bila haya, maana waonjaji wa kazi hiyo hutema kila siku.

Beba sweta. Jioni za Septemba huko zina baridi kwa mtu wa pwani yetu, na pombe humfanya mtu ahisi joto wakati mwili wake unalipoteza.

Kuhusu kurudi, sheria ya Ujerumani kwa kawaida humruhusu dereva kilevi kisichofikia gramu 0.5 kwa lita ya damu, lakini mimi nisingependa mkwe wako aendeshe hata baada ya glasi moja. Kuna treni ndogo ya mjini inayounganisha Bad Dürkheim na Ludwigshafen; mwombeni aangalie saa ya safari za usiku kabla hamjatoka nyumbani.