Mjomba, Huku Hatuli Bata

Mjomba kasema kwenye kikao cha ukoo kwamba sisi tulio nje tunakula bata na kwetu tumeshakusahau. Namjibu mbele yenu, maana wapo vijana waliomwamini.

Mimi nadeki ofisi za watu usiku. Kwenye kitambulisho cha kifuani kuna jina alilonipachika msimamizi. Langu, nililorithi kwa babu, alisema linamsumbua. Hilo linaniuma kuliko mshahara. Ukiitwa hivyo muda mrefu unaanza kujiona kama ulizaliwa uwanja wa ndege, huna watu nyuma yako.

Mwanasaikolojia Fabio Sani na wenzake waliandika mwaka 2007 kwamba watu huona kundi lao linadumu kwa njia mbili: mila na imani zinazorithishwa, na matukio ya tangu zamani yanayoshikana mpaka leo kama hadithi moja. Mila nyingi zimenitoka, sikatai. Hadithi ninayo, na ndiyo inayonifanya nisijione takataka nikiwa na dekio mkononi.

Huko Kanada, Chandler na Lalonde walichapisha mwaka 1998 utafiti juu ya jamii za wenyeji wa asili wa British Columbia. Waliangalia nani anajitawala, anadai ardhi yake, anasimamia shule, afya, polisi na zimamoto, na ana mahali pa kutunzia utamaduni. Kwenye jamii zenye yote hayo, kati ya 1987 na 1992 hakuna kijana aliyejiua. Zisizokuwa na hata moja ndizo zilizokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha vijana waliojiua. Najua kujiua na kujithamini si kitu kimoja, lakini mtu asiyeona jana wala kesho ya watu wake atajithamini kwa lipi?

Kwa hiyo msije. Au njooni, ila mje mnaujua ukoo wenu. Wazazi, wasimulieni watoto, na acheni kuwadanganya eti wote tulikuwa wafalme. Sifa hiyo haivuki dharau ya kwanza. Tena msiwe kama wenzetu wa huku wanaowagombeza watoto kwa mila ambazo nyie mliobaki mlishaziacha.

Mjomba, shikamoo. Hasira yangu isikuzuie: nirekodie majina ya ukoo kwa sauti, kuanzia wa kwanza unayemjua, na yule tuliyekatazwa kumtaja usimruke. Hela nitatuma mwisho wa mwezi, siyo kesho kama ulivyowatangazia.