Maswali ya Wasomaji: Asumini Haitaki Mvuke

SWALI: Nimekeneka kilo mbili za asumini kwa mvuke ili nitoe mafuta yake ya harufu, nikapata maji yanayonuka majani yaliyochemshwa, bila hata tone la mafuta juu yake. Mawaridi nayo yaligandana yakawa bonge. Kasoro ni ya mtambo au ya njia?

JIBU: Ya njia. Joto la mvuke huharibu harufu laini ya asumini, na mafuta yenyewe ni haba. Lakini ua hili lina sifa moja: likishachumwa huendelea kutoa harufu kwa saa nyingi. Basi lilaze kwenye shahamu isiyo na harufu, shahamu iinywe harufu hiyo polepole.

Paka shahamu kwenye kioo, unene wa milimita tatu hadi tano, kisha ichore mistari kwa kisu ili eneo la kunyonya liongezeke. Panga maua yaliyofunguka, uso chini. Yasiwe na umande: maji huleta ukungu na kuichachisha shahamu. Baada ya saa 24 yatoe yote, hata vikonyo, maana ua lililooza huacha harufu yake pia. Weka mapya. Shahamu hushiba baada ya mizunguko 20 hadi 30, kazi ya msimu mzima. Ikishashiba, ichanganye na ethanoli (alkoholi) ya asilimia 95 kwa uzito sawa, itikise kila siku kwa wiki moja, igandishe kwenye friza, uchuje ingali baridi. Ethanoli, ambayo sasa imebeba harufu, ivukizwe kwa joto la chini, mbali kabisa na moto, ibaki harufu yenyewe.

Mawaridi yanafaa kukenekwa, ila yaelee ndani ya maji, si juu ya wavu. Yakilowa mvuke hushikana, na mvuke haufiki katikati. Lita nne za maji kwa kilo ya petali zinatosha. Usitarajie chupa, hata hivyo: kilo moja ya mafuta hudai petali kilo 3,000 hadi 5,000, kwa hiyo kilo mbili hutoa nusu gramu hivi, nayo huishia kwenye kuta za bomba. Sehemu kubwa ya harufu ya waridi huyeyuka majini. Maji hayo ndiyo marashi. Usiyamwage. Ukitaka mafuta, yarudishe mtungini pamoja na petali mpya.

Heksani, kiyeyushi cha kemikali, huvuna harufu vizuri kuliko njia zote mbili, lakini huchemka kwa nyuzi 69 na mvuke wake hulipuka. Iachie viwanda. Kaboni dioksidi nayo, ikitumiwa kama kiyeyushi, hudai shinikizo la zaidi ya angahewa 73. Mtungi wa kawaida utapasuka.

SWALI: Kwa nini maua ya langilangi hukenekwa saa nyingi hivyo?

JIBU: Viambato vyake vyepesi, vyenye harufu tamu zaidi, hutoka mwanzoni; vizito hufuata taratibu, na kazi yaweza kufika saa 20. Badilisha chupa ya kupokelea kila harufu inapogeuka. Ukikusanya yote katika chupa moja, yale ya mwanzo, ambayo ndiyo ya daraja la juu, yatafunikwa na mazito.