Aende kwenye mabuti, kisha agonge hodi kwa jirani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza sisi wasomaji wa ughaibuni: kanisa la mtaani kwako likiwaalika watoto kuchukua pipi za Halloween, ile jioni ya Oktoba ambapo watoto wa Marekani huvaa vinyago na kugonga nyumba hadi nyumba wakiomba pipi, utamruhusu mwanao aende? Jibu langu ni ndiyo, aende. Wangu huenda. Ila nina neno na hizo sherehe za kanisani, na neno lenyewe halimhusu shetani.

Ninaishi Des Moines, jimbo la Iowa. Kiswahili hapa hukikosi: wako Wakongo na Warundi waliopitia makambi ya Kigoma, wako Wakenya, na sisi Watanzania wachache. Kila mwaka majani yakianza kudondoka, makundi ya WhatsApp yanachemka. Mmoja anarusha video ya mhubiri anayeapa kwamba pipi zimenuiziwa, mwingine anajibu kwa Waefeso 5:11, "Wala msishirikiane na matendo yasiyozaa ya giza", wa tatu anatangaza dagaa wa Kigoma wamefika, na mjadala unafia hapo mpaka mwaka unaofuata.

Kwa asiyewahi kuiona, sherehe yenyewe wenyeji huiita trunk-or-treat, na ilishika kasi miaka ya 1990 kwenye maegesho ya makanisa. Waumini wanarudisha magari kinyumenyume yakapangwa safu mbili, mabuti wazi yakitazamana, kila buti na pambo lake. Mwaka jana kulikuwa na safina ya Nuhu iliyojaa wanyama wa manyoya. La pili lilikuwa kinywa cha samaki wa Yona, meno ya boksi yananing'inia juu, na pipi ukazitoe kooni kwa mkono wako. Mzee mmoja mwenye pikapu hakupamba kitu. Alikaa kwenye kiti cha kukunja na kofia yenye umbo la gunzi la mahindi, na foleni yake ikawa ndefu kuliko zote, kwa sababu alikuwa anatoa chokoleti nzima wakati wenzake wanatoa vile vipande vya kumtia mtu hamu tu. Watoto wana akili. Pembeni kuna hotdogi, maharage ya chili kwenye sufuria la umeme, juisi ya tufaha ya moto yenye mdalasini, na marobota ya nyasi kavu ya kukalia. Haifiki saa mbili imekwisha, mabuti yanafungwa, watu wanaondoka.

Makanisa mengi hayataki hata kulitaja jina la Halloween. Kwenye bango wanaandika Sherehe ya Mavuno. Mimi nimelelewa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na nikisikia mavuno natafuta mkungu wa ndizi au jogoo wa kupeleka mnadani baada ya ibada. Hapa mavuno ni pipi, na hakuna anayenadi.

Sasa huyo shetani. Sisi tunaoabudu kwa Kiswahili hatuna jengo. Kama sharika nyingi za wahamiaji, tunaingia alasiri kwenye kanisa la Wamarekani wakishamaliza ibada yao, na Jumatano jioni tunapewa ukumbi wa chini kwa maombi. Mwaka jana Jumatano yetu iliangukia siku yao ya mabuti. Chini, mchungaji wetu anaongoza maombi ya kubomoa madhabahu za mwezi Oktoba. Juu, kwenye vile vidirisha vyembamba vilivyo usawa wa ardhi, tunaona miguu ya watoto ikipita: soksi za buibui, mkia wa dinosauria, gauni la malkia likikokota majani. Kila "kwa jina la Yesu" ilipokelewa na vifijo kutoka nje. Watoto wetu walikuwa wamefumba jicho moja. Tulipomaliza, mama mmoja wa kanisa mwenyeji, yuleyule anayetufungulia mlango kila wiki, akashuka ngazi na trei la hotdogi, kichwani amevaa masikio ya paka. Mchungaji akamtazama yeye, akatazama hotdogi, akainua mkono akaombea chakula. Tukala.

Simcheki mchungaji. Ametoka Kongo, na Kongo mtoto kuitwa mchawi si mchezo wa jioni moja. Kinshasa wapo watoto waliofukuzwa majumbani kwao kwa neno hilo, wakaishia kulala mitaani. Mzazi aliyeyaona hayo kwa macho yake akikataa kumvika mwanawe kofia nyeusi yenye ncha, mimi namwelewa vizuri zaidi kuliko ninavyomwelewa Mmarekani anayetundika mifupa ya plastiki barazani na kuiwekea taa. Na hapo ndipo sherehe ya kanisani inapomfaa mzazi wa namna hiyo: mialiko mingi husema wazi kwamba vinyago vya kutisha havitakiwi. Mtoto anakuwa simba, daktari, Daudi mwenye kombeo, na bado anapata ndoo yake ya pipi.

Ninachokataa ni ile hoja kwamba tarehe yenyewe ni mali ya giza. Tarehe 31 Oktoba ni mkesha wa Watakatifu Wote, na jina la Halloween limetokana na mkesha huo. Wakatoliki wanaijua tarehe 1 Novemba, na kesho yake wanawaombea marehemu. Sisi Walutheri tarehe 31 ni yetu kabisa: ndiyo siku ya Matengenezo ya Kanisa, kwa kumbukumbu ya Luther na hoja zake 95 za mwaka 1517 kule Wittenberg. Ni kweli Waselti wa Ireland walikuwa na sikukuu yao ya Samhain majira hayohayo, wakiamini wafu wanatembea, na wahamiaji wa Kiayalandi ndio waliozileta Marekani nyingi ya desturi hizi katika karne ya 19. Lakini ukianza kuzifuta siku zote ambazo wapagani waliwahi kuzisherehekea, kalenda itabaki na matundu matupu. Kuna hata mchungaji wa Kipresbiteri na mkewe, Pennsylvania, ambao mwaka 1950 waliwatuma watoto wazunguke siku hiyo wakikusanya senti za UNICEF badala ya pipi. Kampeni hiyo ikaenea Marekani nzima.

Sababu ya pili inayowapeleka watu maegeshoni ni usalama, na hapa watu huogopa kisichokuwepo wakakiacha kilichopo. Wanaogopa sumu. Mwanasosholojia Joel Best wa Chuo Kikuu cha Delaware amefuatilia habari za pipi zenye sumu tangu mwaka 1958, na hajapata hata mtoto mmoja aliyethibitika kuuawa na pipi aliyopewa na mtu baki siku hiyo. Mtoto aliyekufa kweli kwa sianidi, Texas mwaka 1974, alipewa na baba yake mzazi aliyekuwa anataka fedha za bima. Baba huyo alihukumiwa kifo, akauawa kwa sindano ya sumu mwaka 1984. Kinachoua ni gari. Uchunguzi uliochapishwa kwenye jarida la JAMA Pediatrics ulipitia takwimu za ajali za Marekani kuanzia 1975 hadi 2016, ukakuta hatari ya mtembea kwa miguu kufa jioni ya Halloween inazidi ya jioni za wiki iliyotangulia na iliyofuata kwa asilimia 43, na kwa watoto wa miaka 4 hadi 8 ndiko hatari ilikopanda zaidi. Giza, nguo nyeusi, kinyago kinachoziba macho, mtoto anakatiza barabara katikati ya magari yaliyoegeshwa. Kwa hesabu hiyo, maegesho yaliyofungwa kwa koni, injini zote zimezimwa, ni mahali pazuri. Mwenye watoto wadogo nampeleka huko bila kusita.

Basi, neno langu ni hili. Wanaogawa pipi maegeshoni ni watu wa kanisa lile, na wengi wamekuja kwa gari kutoka vitongoji vingine. Wanatabasamu, wanakuuliza umetoka nchi gani, wanafunga buti, hamwonani tena hadi mwakani. Jirani ambaye mmegawana uzio hujamwona. Na sisi wageni hatujakosa pipi Marekani, zimejaa hadi kwenye benki. Tulichokosa ni hodi. Unaweza kukaa mtaa mmoja na mtu miaka mitano usijue jina lake, na huwezi kumwibukia mlangoni jioni na kibakuli cha pilau kwa sababu tu umepika. Atakuchungulia kwenye kamera ya kengele akidhani unauza king'amuzi. Kuna jioni moja tu katika mwaka mzima ambapo taa ya barazani ikiwashwa maana yake ni karibu, gonga. Watoto wa pwani siku ya Idi wanavyozunguka na nguo mpya wakidai mkono wa Idi, hakuna anayewauliza mmetumwa na nani. Ndivyo ilivyo. Kumpeleka mtoto kwenye mabuti pekee, kisha kurudi nyumbani kufunga mlango na kuzima taa, ni kuitupa jioni hiyo.

Hapa Des Moines tuna bahati zaidi. Mwaka 1938, baada ya fujo za vijana usiku wa Halloween kuwachosha polisi, jiji likaanzisha usiku wake wa watoto, Beggars' Night, na kwa miongo mingi ukawa tarehe 30, siku moja kabla ya kwingine, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Sharti lake ni moja: mtoto hapewi pipi bure, lazima kwanza atoe kichekesho. Watoto wa Kimarekani wanakariri vichekesho vya mifupa na maboga. Mwanangu alivikataa, akasema yeye atatega kitendawili. Kwa mzee mstaafu wa nyumba ya kona akatega kwa Kiingereza: nyumba yangu kubwa, haina mlango. Mzee akasema gereza. Siyo. Kaburi. Siyo. Akamwita mkewe kutoka jikoni, naye akaja na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi, akasema hema. Siyo. Foleni nyuma yetu inarefuka, mtoto mwingine ndani ya vazi la boga anasukuma. Mwanangu akashika kiuno: basi nipe mji. Ikabidi nimweleze mzee kwamba kwetu aliyeshindwa hutoa mji. Mzee akafikiri, akampa Chicago. Mwanangu akaitembelea Chicago kwa maneno mawili matatu, akala kila alichokitaka huko, ndipo akatoa jibu: yai. Yule mama alicheka mpaka akaegemea mlango.

Tangu siku ile tunajuana majina. Theluji ya kwanza ilipoanguka mzee alivuka na mashine yake akatusafishia njia ya gari kabla sijatoka zamu ya usiku. Kanisani walitugawia pipi nyingi kuliko yeye, na wala siwalaumu, lakini hakuna kati yao anayejua nyumba yetu ilipo.

Mambo madogo ya kuangalia kwa atakayekwenda. Mwisho wa Oktoba huku baridi ni kali, na hakuna malkia atakayekubali koti juu ya gauni, kwa hiyo mvishe nguo ya joto ndani kabla hamjatoka nyumbani, usisubiri ugomvi wa maegeshoni. Mlangoni utapewa kadi ya bahati nasibu ya kujaza jina, simu na barua pepe. Si lazima kuijaza, na ukiijaza ujue utaandikiwa hadi Pasaka. Ndani ya mfuko wa pipi kutakuwa na kijitabu cha injili. Rafiki yangu Mwislamu wa Mombasa huwaachia wanawe pipi, akakichukua kile kijitabu yeye na kukiweka kando, yameisha. Kinachomshughulisha yeye ni gelatini, kwa kuwa pipi laini za kutafuna na zile za povu huwa nayo mara nyingi, na mara nyingi ni ya nguruwe. Husoma karatasi moja moja kwenye taa ya gari kabla ya kuwasha injini. Mwenye mtoto anayedhurika na karanga atafute boga lililopakwa rangi ya samawati ya kijani, alama iliyosambaa nchini kote mwaka 2014: hapo wanatoa vikaragosi, penseli, vitu visivyoliwa.

Mwaka huu kanisa mwenyeji limetuomba na sisi tulete magari, na nimejiandikisha. Tutaanzia huko, na saa kumi na mbili ya usiku wa watoto tutakuwa mtaani kwetu. Mwanangu ameshaandaa vitendawili vipya na hataki kunionyesha. Nilimpelekea mchungaji karatasi ya kujiandikisha nikitegemea hotuba. Akaisoma yote, akaikunja akaitia mfukoni, akaniuliza kama visheti vya mkewe vitaruhusiwa. Nikamwambia visheti hapana, wanataka vya dukani tu, vilivyofungwa kiwandani. Akasema basi hao watu wana imani haba.