Glovu za siku ya ukaguzi

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini wafanyakazi wa viwandani wanaendelea kuumia wakati sheria za usalama kazini zipo. Nimekuwa kibarua miaka minne kwenye kiwanda cha plastiki hapa Dar es Salaam, naomba nijibu.

Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na si mbaya hata kidogo. Inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, inataka pawepo wawakilishi wa usalama na afya. Sasa njoo kwenye mashine yangu ya kusaga plastiki chakavu. Ilikuja na mfuniko juu ya visu. Mfuniko ule ulikuwa umeegemezwa ukutani, umejaa vumbi, maana plastiki ikikwama inabidi uzime, ufungue nati nne, uchokonoe, ukaze tena. Nasi tulilipwa kwa kilo. Hakuna aliyetuamuru kuutoa. Bei ya kilo ilitosha. Mwenzangu aliacha vidole viwili mle. Mkataba hakuwa nao, jina lake lilikuwa kwenye daftari la msimamizi tu, na wiki iliyofuata likaandikwa la mtu mwingine.

Wakaguzi walipokuja, mfuniko ulirudishwa na tukagawiwa glovu mpya. Jioni zikarudi stoo, zikahesabiwa. Mkaguzi aliniuliza kama kuna tatizo lolote. Msimamizi alikuwa amesimama pembeni yangu. Nikasema hakuna. Jibu lile linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nafikiria sana Rana Plaza, jengo la viwanda vya nguo karibu na Dhaka, Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013 lilionekana lina nyufa, watu wakatolewa. Kesho yake benki iliyokuwa humo haikufungua. Washonaji wakaambiwa wapande juu, wengine wakitishiwa kunyimwa mshahara wa mwezi. Jengo likaporomoka asubuhi hiyohiyo, wakafa zaidi ya 1,100. Nyufa waliziona kwa macho yao, na sheria ya kazi nchini kwao ilikuwepo tangu 2006. Walichokosa ni nafasi ya kusema "leo siingii" bila watoto kulala njaa.

Kama kuna mkaguzi anayesoma hapa, namwomba aje bila kutoa taarifa. Na asituulize pale kwenye mashine. Atusubiri nje ya geti, saa kumi na mbili jioni, tunapotoka.